Majina ya Ziwani Katika Picha Kubwa za Kriketi

Ukiingia kwa kinyozi mjini Migori, au katika kibanda cha samaki wa kukaanga mjini Homa Bay, ni nadra kukosa picha ya mwanasoka wa Uingereza ukutani. Picha ya mchezaji wa kriketi, hiyo hutaiona kwa urahisi. Ajabu ni kwamba baadhi ya picha zinazokumbukwa sana katika historia ya mchezo huo zina watu wanaoitwa Otieno, Odoyo, Odumbe, Obuya na Onyango. Hayo ni majina ambayo mwalimu wa Rongo au wa Mbita huyaita kila asubuhi anaposoma rejista.

Je, majina ya ziwani yalifikaje huko? Na kwa nini mchezo wenyewe haukurudi nayo nyumbani? Hebu tuzifungue picha hizo moja baada ya nyingine.

Kwanza, kwa wasioufahamu mchezo huu. Kriketi huchezwa na timu mbili za watu 11. Mrushaji hurusha mpira akijaribu kuangusha vijiti vitatu, yaani wiketi. Mpigaji huvilinda vijiti hivyo kwa gongo la mbao, na akiupiga mpira mbali, yeye na mwenzake hukimbia kubadilishana pande na kujipatia mikimbio. Mipira sita huitwa ova. Mpigaji akiangushiwa vijiti, au mpira wake ukidakwa kabla haujagusa ardhi, hutoka. Wakitoka kumi, timu imekwisha.

Sahani moja iliyobaki

Wapenzi wa kriketi duniani wakiulizwa picha wanayoienzi zaidi, wengi huitaja ile ya Desemba 14, 1960, mjini Brisbane, Australia. West Indies na Australia walikuwa wamecheza siku tano. Nahodha wa West Indies alikuwa Frank Worrell, mtu mweusi wa kwanza kupewa timu hiyo kwa msururu mzima wa mechi.

Mpiga picha Ron Lovitt wa gazeti la The Age la Melbourne alikuwa amebakiwa na sahani moja tu ya kamera ambayo haikuwa imetumika. Aliizuia mkononi akisubiri. Joe Solomon alipoutupa mpira kutoka pembeni ukaviangusha vijiti, Lovitt akabonyeza. Kila timu ilikuwa na jumla ya mikimbio 737. Hakuna aliyeshinda, hakuna aliyeshindwa. Ilikuwa mara ya kwanza jambo hilo kutokea katika mechi za aina hiyo. Katika picha hiyo, wachezaji wa West Indies wanaruka kwa furaha huku Mwaustralia akiwa hajafika salama.

Tangu siku hiyo, West Indies wakawa kioo cha kila kijana mweusi aliyeshika gongo. Usilisahau jina hilo, msomaji, kwani tutakutana nalo tena muda si mrefu.

Waafrika wawili katika kikosi

Picha ya pili ni ya nyumbani. Mwaka 1975, Kombe la Dunia la kriketi lilipochezwa mara ya kwanza huko Uingereza, Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia zilipeleka timu moja kwa jina la Afrika Mashariki. Nahodha alikuwa Harilal Shah wa Kenya. Walicheza mechi tatu na kushindwa zote, na New Zealand, India na Uingereza.

Itazame picha ya kikosi hicho utaona jambo moja. Wengi wao ni wenye asili ya Kiasia. Waafrika weusi ni wawili tu, mmoja wao John Nagenda wa Uganda, ambaye baadaye alijulikana zaidi kama mwandishi na mshauri wa Rais Yoweri Museveni. Alifariki mwaka 2023.

Sababu yake haijifichi. Kriketi ililetwa na Waingereza, lakini walioitunza kwa miaka mingi ni Wahindi, katika klabu zao za Nairobi, Mombasa na Kisumu. Katika miji midogo ya Nyanza Kusini walikuwapo wenye maduka wa Kihindi tangu zama za ukoloni. Kendu Bay ilikuwa bandari na soko lao. Hata hivyo, familia chache za dukani haziwezi kujaza timu, sembuse kutengeneza uwanja wa nyasi. Kisha ikaja sheria ya leseni za biashara ya mwaka 1967, iliyowabana wasio raia katika miji midogo, na wengi wakafunga maduka na kuondoka. Mbegu ambayo huenda ingeota kando ya ziwa haikupata udongo.

Siku ya Februari 29

Sasa ruka miaka 21. Ni Februari 29, 1996, katika uwanja wa Nehru mjini Pune, India. Kenya iko katika Kombe lake la kwanza la Dunia kwa jina lake yenyewe, na mbele yake wamesimama West Indies. Wana Brian Lara, aliyepata mikimbio 375 dhidi ya Uingereza mwaka 1994 na, wiki chache baadaye, 501 katika mechi ya kaunti. Wana Curtly Ambrose, Courtney Walsh na Ian Bishop, warushaji walioogopwa kote duniani.

Kenya ilipiga kwanza ikatoka kwa 166. Hesabu hiyo haikumtisha mtu. Nahodha Maurice Odumbe akawapanga vijana wake.

Picha inayokumbukwa ni ya kutoka kwa Lara. Rajab Ali anarusha, Lara anaugusa mpira kidogo tu kwa ukingo wa gongo, na nyuma ya wiketi Tariq Iqbal, mwanamume mwenye miwani, anaudaka. Lara ana mikimbio 8. Kuanzia hapo nyumba ikaporomoka. West Indies wote nje kwa 93. Odumbe alichukua wiketi tatu kwa mikimbio 15 katika ova 10 na kutawazwa mchezaji bora wa mechi. Rajab Ali naye alichukua tatu kwa 17.

Ebu yasome majina ya kikosi kile: Chudasama, Iqbal, Otieno, Tikolo, Odumbe wawili, Modi, Suji, Odoyo, Karim na Ali. Kutoka Waafrika wawili wa mwaka 1975, sasa Waafrika na Waasia wamechanganyika katika jezi moja. Hiyo ndiyo Kenya ambayo wanasiasa huihubiri majukwaani.

Mzee wa Homa Bay anayesoma matokeo hayo gazetini huelewa kitu ambacho msomaji wa London hakijui. Kwa mila ya Waluo, jina hueleza wakati wa kuzaliwa. Otieno alizaliwa usiku. Odoyo alizaliwa msimu wa palizi. Onyango alizaliwa jua lilipokuwa limepanda asubuhi, na Odhiambo baada ya jua kuanza kushuka. Ubao wa matokeo wa Pune, kwake, ulikuwa pia kalenda ya kijijini.

Ushindi huo ulipatikana tarehe inayokuja mara moja kila miaka minne. Labda ndiyo sababu tunausahau upesi.

Gymkhana yazizima

Picha kubwa iliyofuata ilipigwa nyumbani Nairobi. Kombe la Dunia la mwaka 2003 liliandaliwa na Afrika Kusini pamoja na Zimbabwe na Kenya. New Zealand walikataa kuja Nairobi wakihofia usalama, kwani miezi michache tu ilikuwa imepita tangu hoteli ya Kikambala, karibu na Mombasa, ilipuliwe Novemba 2002. Kenya ikapewa alama za bure, na wenye midomo wakasema hiyo ni bahati ya mtende.

Jibu lilitolewa Februari 24, 2003, katika uwanja wa Nairobi Gymkhana. Kenya ilipata 210 dhidi ya Sri Lanka, mabingwa wa mwaka 1996. Kennedy Otieno alichangia 60. Kisha akaja mdogo wake, Collins Obuya, kijana wa miaka 21 mwenye mipira ya kuzunguka. Alichukua wiketi tano kwa mikimbio 24, na Sri Lanka wakatoka kwa 157. Picha za wachezaji wakiuzunguka uwanja kuwashukuru mashabiki zilisambaa duniani kote.

Machi 15, mjini Durban, ikawa zamu ya Aasif Karim wa Mombasa, aliyerudi kutoka kustaafu akiwa na miaka 39. Dhidi ya Australia, mabingwa wa dunia, alirusha zaidi ya ova nane na kutoa mikimbio saba tu, akiwaondoa wapigaji watatu akiwemo nahodha Ricky Ponting. Australia walishinda, lakini heshima ilibaki kwa mzee wa Mombasa.

Kenya ilifika nusu fainali na kushindwa na India kwa mikimbio 91 mnamo Machi 20. Hadi leo, timu hiyo ni ya pekee kufika hatua hiyo ya Kombe la Dunia la ova 50 bila kuwa miongoni mwa mataifa makuu ya kriketi.

Kilicho nje ya picha

Baada ya hapo taa zilizimika moja moja. Ugomvi kati ya wachezaji na viongozi ukaleta migomo. Agosti 2004, Odumbe alifungiwa miaka mitano kwa kushirikiana na wacheza kamari. Katika Kombe la mwaka 2011 Kenya ilipoteza mechi zote sita, ingawa Collins Obuya, aliyekuwa amegeuka kuwa mpigaji, alibaki uwanjani na mikimbio 98 dhidi ya Australia. Mwaka 2014 Kenya ikapoteza hadhi ya kucheza mechi rasmi za kimataifa za siku moja.

Wengi huwalaumu viongozi, na lawama hiyo ina haki yake. Lakini picha hizi zina siri nyingine, msomaji. Hesabu nyumba walizotoka wachezaji. Kennedy Otieno, David Obuya na Collins Obuya ni ndugu. Maurice na Edward Odumbe ni ndugu. Martin na Tony Suji ni ndugu. Steve Tikolo aliwafuata kaka zake, Tom na David. Lameck Onyango, James Ngoche, Shem Ngoche na Nehemiah Odhiambo ni wa mama mmoja, na dada yao Margaret Banja Ngoche amewahi kuwa nahodha wa timu ya wanawake ya Kenya.

Nyumba tano ziliibeba nchi! Wengi wao walikulia Nairobi, karibu na viwanja vya klabu. Mtoto husimama kwenye ua, huokota mpira uliotoka nje, huazima gongo, na jioni humfundisha mdogo wake. Mchezo ulipita kutoka kaka hadi mdogo, lakini haukupanda basi la kwenda Migori. Jina lilikuwa la ziwani, na ua ulikuwa wa Nairobi. Ua huo hauonekani katika picha yoyote, ilhali ndio uliozaa picha zote.

Shuka jekundu na gongo

Kuna picha nyingine ambazo wageni huzipenda sana: morani wa Kimaasai wa Laikipia wakicheza kriketi wamevaa shuka na shanga. Hujiita Maasai Cricket Warriors, na mwaka 2013 walikwenda kucheza Uingereza.

Anayeishia kwenye shanga atakosa habari kamili. Vijana hao waliutumia mchezo kuzungumza na wazee wao juu ya ukeketaji wa wasichana na juu ya Ukimwi. Kwa mkazi wa Kuria, upande wa Migori, ambako vita dhidi ya ukeketaji havijaisha, na kwa kaunti za Homa Bay na Migori ambazo kwa miaka mingi zimekuwa miongoni mwa zilizoumizwa zaidi na Ukimwi nchini, habari hiyo si ya watalii. Inaonyesha kwamba mchezo mgeni unaweza kukaribishwa mahali pasipo klabu na ukafanya kazi ya maana.

Majirani zetu Uganda nao wanayo picha mpya. Juni 2024, katika Kombe la Dunia la ova 20, Frank Nsubuga mwenye miaka 43 alirusha ova nne, akatoa mikimbio minne tu na kuchukua wiketi mbili dhidi ya Papua New Guinea. Uganda ilishinda, na wachezaji wakacheza ngoma uwanjani. Kombe hilo Kenya ililitazama kwenye televisheni.

Homa Bay sasa ina uwanja mkubwa, ule ulioandaa sherehe za Madaraka za mwaka 2025. Hakuna anayedai soka iondolewe. Lakini kriketi ya watoto haihitaji jukwaa wala nyasi za bei. Fundi seremala huchonga gongo kutoka kipande cha mbao. Mpira wa tenisi hufungwa kwa utepe ili uwe mzito. Kreti tupu ya soda husimama badala ya wiketi. Mwalimu mmoja anayeijua sheria anatosha kwa shule nzima.

Mzazi uliyehifadhi magazeti ya 1996 au 2003 chini ya kitanda, yatoe. Mwonyeshe mtoto jina lake lilikofika, na uwanja wa shule ukiwa wazi Jumamosi, mpe na lile gongo la mbao.