Baga ya Dukani, Nyama ya Nani?

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Basi siku hizi hapa Mombasa hakuna chakula kitembezwacho kama baga. Imechorwa kwenye mabango ya barabarani, imepigwa picha ikimeta mafuta juu ya pakiti za supamaketi, na watoto wetu huijua sura yake kabla hawajaijua sura ya sambusa. Mimi nami, ndugu msomaji, nilidhani jambo hilo halinihusu, hata lilipoingia nyumbani kwangu bila ya kupiga hodi.

Ilikuwa Alhamisi usiku baada ya sala ya Isha. Mjukuu wangu, kijana wa miaka tisa, alikuja na sahani akaiweka mbele yangu kwa adabu zote. "Babu, karibu baga," akasema. Mamake, yaani binti yangu, alikuwa amezinunua alipokuwa akitoka kazini, zimeganda kama mawe, nne ndani ya pakiti moja. Nikapiga bismillahi, nikauma. Ilikuwa laini kama sifongo, chumvi imezidi, na viungo vyake havikuwa na jina. Nilitafuna nikingoja nyama ifike, haikufika.

Nikasema kwa sauti, "Hiki nacho ni chakula?" Kijana akainama. Na binti yangu, ambaye si msemaji sana, akanijibu kwa upole, "Baba, mimi narudi nyumbani saa kumi na mbili jioni. Tangu mama atangulie mbele ya haki, nani wa kusaga nyama humu ndani?"

Sikuwa na jibu. Marehemu mke wangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa akitupikia kababu ambazo majirani walizijua kwa harufu. Mashine yake ya kusagia kima, ile ya chuma inayokazwa kwenye ukingo wa meza na kuzungushwa kwa mkono, iko chini ya kitanda tangu siku ile. Na mimi, mtu wa kalamu na mashairi, nilikuwa nimekula kababu zile miaka zaidi ya thelathini bila ya kuuliza hata siku moja zinavyofanywa. Hivyo nikaona kabla ya kulaumu ni bora nijifunze.

Nianze na jina. Tulipokuwa vijana wa chuoni, wengi wetu tuliikimbia hambaga kwa sababu tulijua kidogo Kiingereza, na katika Kiingereza neno "ham" ni nyama ya nguruwe. Tukakata shauri kuwa hambaga ni haramu kwa jina lake tu. Kumbe jina hilo limetokana na mji wa Hamburg, bandari kubwa ya Ujerumani, ambako watu wengi walipanda meli kuhamia Marekani katika karne ya 19. Nyama ya kusagwa iliyoitwa kwa jina la mji huo ilikuwa ya ng'ombe. Jina, basi, halina kosa. Kosa likiwapo, limo ndani.

Na limewahi kuwamo. Tarehe 15 Januari 2013, wakuu wa usalama wa chakula wa Ireland walitangaza matokeo ya uchunguzi wao wa baga za supamaketi. Walipima aina 27 zilizoandikwa kuwa ni za ng'ombe. Aina 10 zilikutwa na chembe za farasi, na aina 23 zikakutwa na chembe za nguruwe. Katika baga moja, farasi alifikia asilimia 29 ya ile iliyoitwa nyama ya ng'ombe. Baga milioni nyingi ziliondolewa madukani katika Ireland na Uingereza. Mwezi wa Februari mwaka huo huo, serikali ya Uingereza ilikiri kuwa vyakula vya nyama vilivyopelekwa magerezani kwa jina la halali vilikutwa na chembe za nguruwe. Na huko Afrika Kusini wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stellenbosch walipopima nyama za kusagwa na soseji, wakakuta punda, mbuzi na nyati wa majini mahali ambapo karatasi haikuwataja.

Hapa pana jambo la kutafakari. Sisi wafuasi wa Imamu Shafi tunajua kuwa farasi hakuharamishwa katika madhehebu yetu. Nguruwe ndiye haramu bila ya mjadala. Lakini hata lau pasingelikuwa na nguruwe, aliyekuuzia farasi akamwita ng'ombe amekufanyia hiana. Qur'ani ina sura nzima, ya 83, iliyopewa jina la wale wapunjao vipimo. Dini haikutaka tule halali peke yake, bali ilitaka pia kilicho kizuri na safi, na kilichouzwa kwa haki.

Yalipitaje yale yote? Yalipita kwa sababu nyama ilikuwa imesagwa. Paja la ng'ombe halifanani na paja la farasi, na hata mtoto akionyeshwa atajua. Lakini vyote viwili vikipita katika mashine, vikachanganywa na kugandishwa, jicho halina kazi tena. Hubaki karatasi peke yake kutoa ushahidi.

Nikaichukua pakiti yetu kutoka kwenye pipa la taka, nikavaa miwani, nikaisoma. Nyama ya ng'ombe asilimia 65. Baadaye maji. Baadaye makombo ya mkate, unga wa soya, mafuta, chumvi, vikolezo, na dawa ya kuhifadhi. Alama ya halali ilikuwapo, na sina sababu ya kuitilia shaka. Tena si kosa la sheria. Huko Uingereza kitu hakiitwi baga ya ng'ombe kama nyama yake haikufikia asilimia 62, na ile ya bei ya chini huruhusiwa hata asilimia 47. Wamarekani ni wakali zaidi: kitu kikiitwa hambaga, sheria yao hairuhusu kutiwa maji, na mafuta yasizidi asilimia 30.

Nikamwita binti yangu nimwonyeshe. "Tazama, mwanangu, unauziwa maji na mkate kwa bei ya nyama." Akacheka. "Baba, na mama naye alikuwa akitia boflo kwenye kababu."

Naam, nilinyamaza kwa mara ya pili. Ni kweli, kababu zetu za pwani zina boflo lililorowekwa na kukamuliwa, tena zina yai. Ilinibidi niende kwa mwenye kujua.

Asubuhi ya Jumamosi nikaenda bucha moja karibu na Marikiti, ambako mke wangu alikuwa akinunua. Mwenye bucha, ambaye babake pia alikuwa muuza nyama, akanipokea kwa furaha. "Maalim! Siku nyingi. Tangu bibi aondoke hatukuoni." Nikamweleza shida yangu. Akanijibu kwa maneno machache ambayo yamenitosha. Boflo la kababu, alisema, hutiwa ili lishike maji ya nyama yasitoke, kababu iwe laini. Mkate wa kiwandani hutiwa ushike maji ya mfereji, pakiti iwe nzito. Kitu ni kimoja, nia ni mbili.

Kisha akanifundisha. Kwa baga, chukua nyama ya bega au kidari, usichukue steki. Isiwe kavu. Sehemu nne za nyama kwa sehemu moja ya mafuta ndiyo kadiri nzuri, maana mafuta ndiyo ladha, na ndiyo yanayozuia nyama isiwe kama makapi. Osha pande la nyama kabla ya kusaga, ulikaushe. Usioshe kima baada ya kusagwa, kama wengi wetu tunavyofanya, kwani maji yakishaingia hayatoki. Nyama iwe baridi sana inapoingia mashine, la sivyo mafuta huyeyuka na kusagika kama uji. Baga isagwe mara moja, kababu mara mbili.

Na chumvi ina siri yake. Ukiitia mapema ukakanda, nyama hunata na kushikana kama soseji. Hivyo ndivyo itakiwavyo kababu, maana lazima ishikamane katika kijiti au ndani ya mafuta. Lakini baga yataka kuachana mdomoni, basi chumvi hunyunyizwa juu wakati wa kutia kikaangoni, isikandwe. Nikafahamu hapo kwa nini ile ya pakiti ilikuwa kama sifongo: ilikandwa na chumvi siku nyingi kabla haijafika kwetu.

Nikarudi nyumbani na kilo moja. Mimi na mjukuu wangu tukaitoa mashine chini ya kitanda. Ilikuwa na kutu pembeni. Tukaisugua kwa majivu na ndimu, tukaikosha kwa maji ya moto, tukaikaza mezani. Kijana akazungusha mkono, mimi nikatia nyama. Tukakaanga baga mbili, moja ya pakiti na moja yetu, zote mbichi zikiwa gramu 100 katika mizani ya jikoni. Ile ya pakiti ikatoka na gramu 68. Yetu ikatoka na gramu 75. Nakiri kuwa nilitaraji tofauti kubwa zaidi, lakini nyama yoyote hupungua motoni. Tofauti kubwa niliiona kikaangoni. Ya pakiti ilitoa kwanza maji na povu jeupe, ikachemka kabla ya kukaangika. Yetu ilitoa mafuta safi, ikashika rangi ya kahawia pande zote, na nyumba ikanukia. Kijana alikula ya kwetu yote, kisha akaitazama ile nyingine akasema, "Babu, hii mpe paka."

Lakini msomaji usije ukadhani kuwa nakwambia kila bucha ni pepo na kila supamaketi ni moto. Mwaka mmoja, katika mwezi wa Ramadhani, nilinunua kima kilichokwisha kusagwa katika bucha nisiyoitaja. Nilikuwa na haraka ya futari. Kilikuwa chekundu, kizuri cha kutazama. Kilipopikwa kilitoa harufu ya mapafu na mabaki ya jana, na watu wangu wawili walilala na tumbo siku mbili. Pakiti ya supamaketi angalau ina karatasi, ina tarehe, ina uzani. Kima kile hakikuwa na shahidi yeyote. Tena Julai 2019 televisheni moja ya Nairobi ilionyesha habari za nyama zilizodaiwa kutiwa dawa zibaki nyekundu zionekane za leo. Wekundu wa nyama, basi, nao si ushahidi.

Vilevile, nyama ya kusagwa yataka kuogopwa kidogo hata ikiwa imetoka mkononi mwako. Pande zima la nyama vijidudu vyake hukaa juu, na moto ukiligusa hufa. Ikisagwa, vya juu huenda katikati. Mwaka 1993, huko Marekani, mamia ya watu waliugua kwa kula baga zisizoiva sawasawa, na watoto wanne wakafa. Tangu hapo wataalamu wao wamesisitiza kuwa katikati ya baga pafikie joto la nyuzi 71 za Selsiasi. Asiye na kipimo, na apasue katikati atazame: pasiwe pabichi. Ule mtindo wa kizungu wa kula nyama ikiwa na damu usiletwe kwenye kima.

Kwa hivyo shauri langu ni hili. Usiulize kwanza kama ni duka kubwa au dogo. Uliza kama uliiona nyama kabla haijasagwa. Kama supamaketi ina muuza nyama atakayekukatia pande unalolitaka na kulisaga mbele yako, huyo naye ni bucha wako. Kama bucha yako ina sinia la kima lisilojulikana lilianza lini, ipite kwa salamu. Na wale wenye kazi nyingi kama binti yangu, nimeona dawa yao: siku moja ya mapumziko husagwa kilo mbili, zikafinyangwa, zikatengwa kwa karatasi na kutiwa katika friza. Jumatano usiku mtu hutoa ya kwake, tena amjua aliyeisaga.

Nyumbani kwangu kazi hiyo sasa ni yangu na mjukuu wangu kila Jumamosi. Kababu zetu hazijafika zile za bibi yake, na sidhani kama zitafika, kwani kipimo chake cha bizari na thomu alikwenda nacho. Lakini juzi jirani aliuliza kutoka dirishani, "Leo kwapikwa nini?" Miaka miwili hakuwahi kuuliza.

Na kwa kuwa kalamu yangu haijui kuaga bila ya beti, pokeeni hii:

Nyama siili kwa jina, nala niliyoijua,
Jina la Mola Rabana, kwa sikio kusikia,
Na mkono kuuona, mashine ukiitia,
Pakiti haitanena, nani wa kumwulizia?