Mtoto wa Ujombani na Wajibu wa Baba

Katika milima ya Uluguru mtoto huhesabiwa ukoo wa mama yake, na mjomba ana sauti kubwa juu yake. Desturi hiyo si aibu. Tatizo ni baadhi ya akina baba kuifanya kisingizio: wakitoa talaka huwatelekeza na watoto, ati wanao wajomba.

Kifiqhi, haki hizi ni mbili. Malezi (hadhana) ya mtoto mdogo hutangulizwa mama. Ama matumizi (nafaqa) ni juu ya baba, na wanazuoni wametolea dalili Suratul-Baqara, aya ya 233. Mtoto kulelewa ujombani hakumwondolei baba wajibu huo. Na katika hadithi aliyoipokea Abu Daud, Mtume (S.A.W.) ameeleza kuwa kuwatelekeza unaowalisha ni dhambi tosha.

Nasi majirani tusinyamaze kwa hoja ya sitara. Sitara haifuniki dhulma. Kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kinamwajibisha mwenye taarifa aifikishe kwenye mamlaka ya serikali za mitaa. Ipo pia simu ya bure, 116.

Enyi maimamu, kwenye matumizi tuwakalishe baba na mjomba pamoja. Kwenye kipigo na unajisi hakuna suluhu ya barazani, turipoti. Wabillahi tawfiq.