Radikali na Mizizi Yake

Neno radikali, ambalo asili yake ni radix ya Kilatini, yaani mzizi, limesambaa katika hesabu, kemia, siasa na tiba, na kila fani imelipokea pamoja na wazo la chanzo, ijapokuwa mahali pengine wazo hilo limefifia hata watumiaji hawalitambui tena. Kwa wanahesabu, radikali ni alama ya kipeuo, √, iliyoonekana katika kitabu cha aljebra cha Christoff Rudolff mwaka 1525. Wanakemia nao husema radikali huru, yaani atomu au molekuli yenye elektroni isiyo na mwenzake, ambayo kwa sababu hiyo huungana upesi na chochote kilicho karibu. Wauza vidonge vya kuikabili huitangaza kuwa adui mtupu, bila kutaja kwamba chembe nyeupe za damu huizalisha ili kuua vijidudu.

Katika siasa ndiko neno lilikopotoka zaidi. Mwaka 1797 Charles James Fox wa Uingereza alidai mageuzi ya radikali katika Bunge, na baadaye waliotaka haki ya kupiga kura ipanuliwe wakabandikwa jina hilo, ingawa dai lao leo halimshangazi mtu. Nchini Ufaransa, Chama cha Radikali kilichoundwa mwaka 1901 kilizoea madaraka hadi kikahesabiwa kuwa cha wastani, jina likibaki lile lile. Magazeti ya Kiswahili huzungumzia itikadi kali au msimamo mkali, maneno yanayopima ukali wa msemaji kuliko kina cha analolitaka, kwani mpole anayetaka umiliki wa ardhi upangwe upya tangu msingi ni radikali, ilhali anayefoka ili mambo yabaki yalivyo ni mkali tu.

Katika tiba, upasuaji wa radikali ulipata umaarufu kwa William Halsted wa Baltimore, aliyeondoa titi lenye saratani pamoja na misuli ya kifua na tezi za kwapani, akiamini kwamba ugonjwa hung'olewa na mzizi wake. Majaribio yaliyoongozwa na Bernard Fisher tangu miaka ya 1970 yalionyesha kwamba wanawake waliofanyiwa upasuaji mdogo zaidi hawakupungukiwa na umri wa kuishi, kwa kuwa chembe za saratani huweza kusafiri katika damu kabla kisu hakijashikwa.