Mwisho wa Dunia: Ule wa Filamu na Ule wa Biblia

Masomo: Mathayo 24:36-46, 2 Wathesalonike 2:1-3, Ufunuo 1:1-3 na 21:1-5



Wiki mbili zilizopita, baada ya ibada ya Jumatano, kijana mmoja wa kanisa letu alibaki kwenye benchi akingoja watu watoke. Yeye ni finalisti. Mama yake aliuza mbuzi wawili ili apate feza za egzamani ya Leta. Akaniambia, "Baba Pasta, zile feza bado ninazo. Sijaenda kujiandikisha." Nikamuuliza kwa nini. Akatoa telefone, akanionyesha video. Miji inaanguka, bahari inapanda juu ya milima, watu wanapigwa chapa kwenye paji la uso, na sauti ya mtu inataja mwezi ambao Bwana atarudi. Kijana akasema, "Sasa diplome itanisaidia nini?"

Sikumcheka, kwa sababu nami nilipita njia hiyo. Nilipokuwa mtoto wa miaka kumi na minne, watumishi wa Mungu walikuja kwetu na filamu. Walitundika shuka nyeupe kwenye ukuta wa kanisa, wakawasha jenereta, na ndugu mmoja akawa anatafsiri kwa Kiswahili. Mwanamke anaamka asubuhi, anamtafuta mume wake, anakuta mashine yake ya kunyolea ndevu inalia peke yake kwenye sinki. Mume amenyakuliwa, yeye ameachwa. Siku chache baadaye nilirudi kutoka masomo, nikakuta nyumba wazi, sufuria kwenye moto, na hakuna mtu. Nilikaa mlangoni nikalia kwa sauti mpaka majirani wakaja. Mama alikuwa amekwenda ziwani kuteka maji.

Nimeona basi niandike juu ya jambo hili, maana ninajua kijana yule hayuko peke yake.

1. Picha hizo zinatoka wapi?

Filamu ile niliyoiona utotoni, baadaye kwenye chuo cha Biblia nilijua jina lake: A Thief in the Night. Ilitengenezwa Marekani mwaka 1972 na wakristo waliotaka watu watubu. Mwaka 1995 wakaja Tim LaHaye na Jerry B. Jenkins na kitabu Left Behind, hadithi ya watu walioachwa baada ya unyakuo. Kilifuatwa na vingine mpaka vikafika 16, vikauzwa kwa mamilioni, kisha vikatolewa filamu mwaka 2000 na tena mwaka 2014. Vitabu hivyo ni riwaya. Waandishi walichukua mistari ya Biblia, wakaongeza watu, maneno na matukio ya kubuni, kama kila mtunzi wa hadithi anavyofanya.

Upande wa pili kuna filamu za dunia, ambazo hazimtafuti Mungu. Katika ile video ya kijana, niliyatambua mawimbi yanayopanda juu ya milima. Yametoka kwenye filamu 2012, ya mwaka 2009. Ilisema dunia itaangamia mwaka 2012, kwa sababu ya hesabu za kalenda ya zamani ya Wamaya wa Amerika. Mwaka huo ulipita, tukalima, tukavuna, watoto wakazaliwa. Lakini mtu amekata vipande vya filamu hiyo, ameweka sauti yake juu, na sasa anaviita maono. Mawimbi yale yalichorwa na kompyuta. Hakuna nabii aliyeyaona.

Wapendwa, sisemi kwamba kuona filamu ni dhambi. Ninasema tuulize: je, hofu niliyo nayo nimeipata kwenye Neno, au nimeipata kwenye skrini? Wengi wetu tuna picha ya mwisho wa dunia kichwani, lakini hatujasoma Ufunuo wote hata mara moja.

2. Waliotaja siku

Sisi Wapentekoste tunaamini kwamba Yesu atarudi na kwamba kanisa litanyakuliwa, kama Paulo alivyofundisha katika 1 Wathesalonike 4:16-17. Juu ya hilo hatutikisiki. Lakini Bwana mwenyewe alisema katika Mathayo 24:36 kwamba siku ile na saa ile haijulikani na mtu yeyote, ila Baba peke yake. Mtu akikutajia mwezi, amejiweka mahali ambapo malaika hawakuwekwa.

William Miller, mhubiri wa Marekani, alipiga hesabu kwenye kitabu cha Danieli, na wafuasi wake wakangoja tarehe 22 Oktoba 1844. Wengine waliacha mazao yao shambani bila kuvuna. Usiku ukapita, kukacha, na wengi walilia kama watu waliofiwa. Karibu na wakati wetu, Harold Camping alitangaza tarehe 21 Mei 2011. Huyu ananihusu zaidi, maana alikuwa na redio, kama sisi tulivyo na redio. Sauti yake iliingia katika nyumba za watu waliomwamini. Siku ilipopita, akataja tarehe 21 Oktoba mwaka uleule. Nayo ikapita. Mwaka uliofuata aliandika barua akikiri kwamba kutaja siku kulikuwa dhambi. Nashukuru kwamba alitubu. Lakini wako waliokuwa wameacha kazi na kumaliza akiba yao, na barua haikuwarudishia.

Na kuna mahali ambapo watu walipoteza zaidi ya feza. Huko Kanungu, Uganda, si mbali na mpaka wetu, viongozi wa kundi moja walikuwa wametangaza kwamba dunia haitavuka kuingia mwaka 2000. Haikuisha. Mwezi wa Machi mwaka huohuo, mamia ya wafuasi waliteketea kwa moto ndani ya nyumba yao ya ibada, milango imefungwa. Mwaka 2023, huko Shakahola, Kenya, ilijulikana kwamba watu walifunga kula mpaka kufa ili wakutane na Yesu. Maiti zaidi ya 400 zilifukuliwa msituni, na watoto walikuwa kati yao.

Ndugu zangu, watu wale walikuwa wanaimba na kuomba kama sisi. Tofauti ilianza mahali padogo: walimruhusu mtu mmoja awaambie kitu ambacho Bwana alikataa kuwaambia mitume wake.

3. Ufunuo unasema nini?

Kwa Kifaransa kitabu hiki kinaitwa Apocalypse, na wengi wakisikia neno hilo wanawaza maangamizi tu. Lakini neno la Kigiriki lina maana ya kufunua, kama mtu anayeondoa kitambaa juu ya sahani ili uone chakula. Ndiyo maana Kiswahili chetu kinasema vizuri: Ufunuo. Mstari wa kwanza unaeleza ni ufunuo wa nani. Ni wa Yesu Kristo.

Pili, kitabu hiki ni barua. Yohana, akiwa kisiwani Patmo kwa sababu ya Neno la Mungu, aliiandikia makanisa saba ya Asia, katika nchi inayoitwa leo Uturuki. Wasomaji wake waliishi chini ya ufalme mkali wa Roma, na wengine walikuwa wameanza kufungwa na kuuawa. Hawakuhitaji mtu wa kuwaongezea hofu, maana hofu walikuwa nayo tayari. Walihitaji kujua nani ameketi kwenye kiti cha enzi. Soma sura ya 4 na ya 5 kabla ya kusoma ya 13, utaona mpango wa Roho: kiti cha enzi kinakuja kwanza, mnyama anakuja nyuma.

Tatu, juu ya chapa. Kila kadi mpya, chanjo mpya au mashine mpya inapofika katika kartie zetu, kuna mtu anayesema ni 666. Someni sura ya 13 pamoja na ya 14. Chapa ya mnyama inakwenda pamoja na kumsujudu mnyama. Haimwingii mtu kwa bahati mbaya alipokuwa anatafuta kitambulisho. Na filamu nyingi zinaacha 14:1, ambapo watu wa Mwana-Kondoo nao wana jina lake na jina la Baba yake kwenye vipaji vya nyuso zao. Alama ziko mbili. Kwa nini tunaijua vizuri ile ya mnyama, na hii ya Baba yetu hatuizungumzi?

Nne, tazameni mwisho wake. Filamu za dunia mara nyingi humalizika na watu wachache wenye silaha juu ya majivu. Ufunuo unamalizika na mji unaoshuka, machozi yanayofutwa, na mti ambao majani yake yanaponya mataifa. Mhubiri anayeishia kwenye sura ya 13, akawapeleka watu nyumbani wakitetemeka, amewasomea nusu ya barua.

4. Kipimo cha kutumia

Sisi wa Goma tuliuona moto. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilimwaga moto katikati ya mji. Tarehe 22 Mei 2021, Jumamosi jioni, mbingu ikawa nyekundu tena, na kila barabara watu walikuwa wanalia, "Mwisho umefika!" Usiku ule niliona watu wa aina mbili. Wengine walisimama wakibishana ni mhuri wa ngapi unafunguliwa. Wengine walibeba watoto wa jirani, walishika mkono wa mzee asiyeona, waliingia njia ya Sake au ya Gisenyi huku wakiomba. Ninaamini Bwana kama angekuja usiku ule, angejua mtumishi wake ni nani. Katika Mathayo 24:45-46 anamwita heri yule ambaye bwana wake akija atamkuta akiwapa wenzake chakula kwa wakati wake.

Basi kipimo ni hiki. Ukisikia ujumbe juu ya mwisho, uliza: unanifanya nishike kazi yangu kwa utakatifu, au unanifanya niiache? Unanipeleka kwa Yesu, au kwa mtu anayedai yeye peke yake ndiye anayejua? Unanifungulia mlango wa ndugu zangu, au unanifungia ndani pamoja naye? Huko Thesalonike wako walioacha kufanya kazi wakawa wanazungukazunguka. Paulo hakuwasifu kwamba wana imani kubwa. Aliwaamuru wafanye kazi kwa utulivu na kula chakula chao wenyewe (2 Wathesalonike 3:11-12).

Kijana wetu aliniuliza, "Baba Pasta, una hakika Bwana hatakuja mwaka huu?" Nikamjibu, "Hapana, mwanangu. Anaweza kuja leo usiku. Akija, akukute umetubu, umesamehe, na una kalamu mkononi. Mama yako hakuuza mbuzi wake ili wewe uketi ukitazama mawingu." Tulisoma Matendo 1:11, tukaomba. Siku ya Jumatatu walikwenda pamoja na mama yake, akaandikwa. Bado ana maswali, na ninafurahi anayaleta kanisani badala ya kuyapeleka kwenye telefone.

Wazazi, ulizeni watoto wenu wanatazama nini, na muwaulize bila fimbo. Mtoto anayeogopa kuachwa anahitaji kuambiwa na baba na mama yake kwamba Yesu anayerudi ni yuleyule aliyewabariki watoto.

Tuombe: Bwana Yesu, tunangoja kuja kwako. Utuondolee hofu isiyotoka kwako. Utukute tukiwa macho, mikono yetu ikiwa kazini, na mlango wetu wazi kwa jirani. Amina.