Kwa nini tunafunga huduma usiku kabla ya bonasi ya chai

Unaijua ile meseji ambayo hakuna mtu huifurahia: "Mpendwa mteja, huduma zetu hazitapatikana kuanzia saa saba usiku hadi saa kumi alfajiri kwa sababu ya marekebisho." Ikifika Litein au Mogogosiek wiki chache kabla ya bonasi ya chai, maswali huanza. Mama aliyepeleka majani senta mwaka mzima anauliza, "Pesa yangu iko salama?" Wakala naye anauliza float yake itakuwaje. Na wengine husema wazi kwamba tunafungafunga tu.

Maswali hayo ni ya haki. Hebu tuyajibu.

Shamba haling'olewi kwa sababu ya mche mmoja

Seva nyingi duniani, zetu zikiwemo, huendeshwa na mfumo unaoitwa Linux. Hata simu yako ya Android inatumia kiini cha Linux, ambacho mafundi hukiita kerneli. Moja ya kazi za kerneli ni kutunza soketi. Hapa hatusemi ile ya stima iliyo ukutani, ingawa zinafanana: soketi ni mahali programu inapochomeka ili izungumze na programu nyingine kupitia mtandao. Ukibonyeza "Tuma", ombi lako hupita kwenye soketi kadhaa kabla meseji ya kuthibitisha haijakufikia.

Kerneli mpya hutoka kila baada ya wiki tisa au kumi hivi. Sisi hatuzikimbilii. Tunakaa na toleo moja imara kwa miaka, kwa sababu tunajua tabia zake. Mkulima wa Kericho au Bomet ataelewa haraka. Michai michache ikikauka, hung'oi shamba zima. Unajaza mapengo kwa miche mipya, na uchumaji unaendelea.

Kerneli hutunzwa hivyo hivyo. Kosa likigunduliwa, hurekebishwa kwanza kwenye toleo jipya kabisa. Kisha rekebisho hilo hurudishwa nyuma, likawekwa kama kiraka kwenye matoleo ya zamani ambayo watu bado wanayategemea. Wanaosimamia matoleo imara ya Linux wana masharti makali: kiraka kiwe kimeshakubaliwa kwenye toleo kuu, kitibu tatizo la kweli, na kisizidi mistari 100.

Kosa lililojificha miaka kumi

Mfano mzuri ni wa tarehe 17 Juni 2019. Siku hiyo ilitangazwa kwamba Jonathan Looney, mhandisi wa Netflix, amegundua kosa kwenye soketi za Linux. Lilikuwemo tangu toleo la 2.6.29, lililotoka mwaka 2009. Miaka kumi, na dunia nzima inalitumia.

Fikiria karani wa senta ya chai. Mzigo mkubwa hugawanywa kwenye magunia, na kiwanda humjibu: hili limefika, lile halijafika, lete tena lile tu. Data pia hutumwa kwa vipande, na anayepokea hutaja vilivyofika. Sasa aje mtu mwenye nia mbaya aseme, "Mimi napokea pakiti ndogo ndogo tu," kisha atoe majibu ya kuvuruga. Karani anahesabu, anahesabu, mpaka daftari linajaa. Hesabu ya kerneli mahali hapo ilikuwa na mwisho: 65,535. Ikipita hapo, kerneli nzima inasimama, na seva inazimika. Hakuna pesa inayoibwa, lakini hakuna inayotembea pia. Waza hilo likitokea asubuhi ya bonasi.

Siku hiyo hiyo viraka vilitolewa kwa matoleo matano kwa mpigo: 5.1, 4.19, 4.14, 4.9, na hata 4.4, ambalo lilikuwa limetoka Januari 2016. Aliyekaa na toleo la zamani hakulazimika kuhama. Alihitaji kuweka kiraka na kuwasha seva upya.

Kiraka nacho kinaweza kurarua

Hadithi haikuishia hapo. Mojawapo ya marekebisho ya siku ile, lililolenga kosa jingine la jirani, lilikuwa kali kupita kiasi. Programu zilizojiwekea nafasi ndogo sana ya kutumia data zilianza kukwama: kipande kikipotea njiani, hazikuweza kukituma tena. Ilibidi mwezi wa Julai rekebisho lenyewe lirekebishwe.

Ndiyo maana hatukimbilii kiraka kwa pupa, na pia hatukilalii. Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini ukiziba vibaya ukuta utaanguka vilevile. Kwanza tunajaribu kiraka kwenye seva zisizogusa pesa ya mteja. Kisha tunaweka kwenye seva chache, tunaangalia. Mwisho tunamaliza zilizobaki usiku, wakati wengi wamelala. Mwaka wa fedha wa viwanda vya KTDA huisha tarehe 30 Juni na bonasi hufuata miezi michache baadaye, kwa hivyo kazi hii tunataka iishe kabla ya msimu huo wa pilkapilka.

Wewe ufanye nini?

Kwanza, muamala ukikwama, usitume tena papo hapo. Angalia salio, kisha taarifa ya miamala. Huenda pesa imeshaenda na ni meseji tu iliyochelewa. Ukituma tena bila kuangalia, unaweza kulipa mara mbili.

Pili, kama una simu ya Android, fungua mipangilio utazame tarehe ya sasisho la usalama. Viraka vya kerneli huja humo pia. Sasisho likiwepo, liweke ukiwa na chaji ya kutosha. Kama simu ni ya zamani na haipati masasisho tena, usiweke programu kutoka kwa viungo unavyotumiwa na watu usiowajua. Mwenye kabambe hana la kusasisha, lakini neno linalofuata linamhusu sana.

Tatu, matapeli huzisoma meseji zetu pia. Atakupigia mtu na kusema, "Tunarekebisha mfumo, tupe namba yako ya siri tusipoteze bonasi yako." Kata simu. Kiraka kinawekwa kwenye seva zetu, na kazi hiyo haihitaji PIN yako wala ya mtu mwingine yeyote. Ukiombwa PIN, si sisi. Mwambie hivyo na jirani yako, hasa yule mzee ambaye simu yake hushikwa na wajukuu.