Fuwele Zinapobanwa (3): Mafiga Yanapovunjika

Ndani ya taa za kisasa zinazokula umeme kidogo kuna punje ya nitridi ya galiamu, yaani metali ya galiamu iliyofungamana na naitrojeni. Katika makala mbili zilizotangulia tuliiangalia fuwele ya namna hii ikiwa imetulia. Leo tuibane.

Chukua mafiga matatu, teleka chungu juu yake. Moto ulio katikati una majirani wanne: mafiga yote matatu na chungu. Hivyo ndivyo kila atomu ya galiamu inavyokaa kati ya naitrojeni nne, na kila naitrojeni kati ya galiamu nne. Nyumba hiyo ni imara, lakini ina uwazi mwingi ndani yake.

Kuiminya kunahitaji almasi mbili zinazotazamana ncha kwa ncha. Chombo hicho kilibuniwa mwaka 1958 katika ofisi ya vipimo ya serikali ya Marekani, Washington, na watafiti wake hawakununua almasi: walipewa zile zilizokamatwa kwa wafanya magendo. Almasi inapitisha mwanga na eksirei, kwa hiyo mtafiti anaitazama fuwele hukohuko inakoteseka. Pembeni huwekwa chembe ya yakuti, ambayo rangi ya mng'ao wake hubadilika kadiri inavyobanwa, nayo ndiyo hutumika kama geji.

Mgandamizo ukizidi, mafiga yanavunjika. Atomu zinajipanga upya kama chumvi ya mezani, kila moja ikiwa na majirani sita: mbele na nyuma, kulia na kushoto, juu na chini. Ujazo unapungua ghafla, kwa karibu moja ya tano. Lakini umbali kati ya atomu na jirani yake hauwi mfupi, bali unarefuka kidogo! Sita hawawezi kumkaribia mtu kama wanne wanavyomkaribia. Kinacholiwa ni ule uwazi.

Kiwango cha kuvunjika hutofautiana kwa metali iliyofungamana na naitrojeni: nitridi ya indiamu huvunjika kwenye gigapaskali 12 hivi, na gigapaskali moja ni karibu mara 10,000 ya mgandamizo wa hewa tunayovuta. Ya alumini imepimwa kati ya 14 na 23, ya galiamu kati ya 37 na 52. Kwa kuwa vipimo vya fuwele moja vinatofautiana hivyo, msomaji asidhani kuna aliyezembea. Badiliko hili ni zito kuanza, na sampuli iliyozungushiwa kimiminika haibanwi sawa na iliyobanwa kavu.

Kwangu mimi utamu uko kwenye kulegeza. Nitridi ya galiamu, ukiiachia, hurudi kwenye mafiga yake hata kabla mgandamizo haujaisha. Ya alumini hairudi. Unaitoa na kuiweka mezani, hewa ya kawaida imeizunguka, nayo imeshikilia umbo la chumvi. Si kwamba inalipenda. Kurudi kunadai kila atomu iruke kilima cha nishati, na joto la chumbani halitoshi kuirusha. Almasi zinazobana ziko katika hali hiyohiyo: kaboni iliyobanwa chini sana ardhini, ikapandishwa juu, na hadi leo haijapata nguvu ya kugeuka grafiti ya penseli.

Wiki ijayo: platinamu, metali iliyoikataa naitrojeni hadi mwaka 2004, ilipobanwa kwa gigapaskali zaidi ya 45 na kuchomwa kwa leza.