TIBA YA JOTO NA MIONZI KWA SARATANI ILIYOFIKA MGONGONI

Wananchi na watumishi wa Serikali wanafahamishwa kwamba maumivu ya mgongo kwa mtu aliyewahi kuugua saratani si jambo la kupuuzwa. Saratani ya matiti, ya tezi dume na ya mapafu aghalabu husambaa hadi kwenye pingili za uti wa mgongo. Pingili iliyoliwa hudhoofika na kuweza kuvunjika. Uvimbe nao ukikua hubana ugwe, yaani kamba ya mishipa ya fahamu ipitayo ndani ya pingili hizo, na mgonjwa huweza kupooza miguu.

Katika nchi zenye vifaa vinavyohitajika, baadhi ya wagonjwa hutibiwa kwa joto na mionzi kwa pamoja. Daktari huingiza sindano ndani ya pingili akiongozwa na picha za eksirei, kisha mawimbi ya redio huipasha moto ncha yake. Chembe za saratani zifikiapo nyuzi joto 60 hufa papo hapo. Mara nyingi hutiwa saruji maalumu ya mifupa ili pingili isiporomoke, na nafuu huweza kuonekana katika siku chache. Hata hivyo, joto hilo haliwezi kusogezwa karibu na ugwe bila ya hatari, hivyo mabaki ya uvimbe huachwa pembezoni.

Mabaki hayo ndiyo kazi ya mionzi iliyolengwa. Miale hutoka pande nyingi, hukutana kwenye uvimbe, na nguvu yake hushuka ghafla kabla ya kuufikia ugwe. Katika utafiti wa Kanada na Australia uliotolewa mwaka 2021, ukihusisha wagonjwa 229, asilimia 35 ya waliopewa mionzi hiyo hawakuwa tena na maumivu baada ya miezi 3, dhidi ya asilimia 14 ya waliopewa mionzi ya kawaida. Upungufu wake ni kwamba haiimarishi pingili iliyodhoofika. Hivyo kila tiba huziba pengo la mwenziwe.

Ieleweke kwamba tiba hizi haziondoi saratani mwilini. Hupunguza maumivu na kuhifadhi uwezo wa kutembea.

Dalili za kuangaliwa ni maumivu yanayozidi usiku au mtu alalapo, miguu kulegea au kufa ganzi, na kushindwa kuzuia au kutoa haja. Aliyewahi kuugua saratani akiziona, asikandwe mgongo wala asisubiri kupambazuke. Afikishwe hospitali mara moja pamoja na karatasi zake za matibabu. Anayefika akiwa bado anatembea ndiye mwenye matumaini makubwa zaidi ya kuendelea kutembea.